Mario Kart Ilifika Kiandutu Kupitia Mitumba

Nikisema nimelelewa Kiandutu, Thika, kuna swali siwezi kulikwepa, hasa nikiwa na watu wa gemu. "Kwani huko mlikuwa na konsoli?" Wanauliza kwa upole, lakini ukiwaangalia unaona jibu wanalo tayari. Wao wana hadithi zao: baba alirudi kutoka Dubai na PSP, anko aliye Marekani akatuma Nintendo DS wakati wa Krismasi. Mimi nikitaja Game Boy Advance wanacheka, ati lazima nachanganya na ile Brick Game ya plastiki.

Brick Game pia tulikuwa nayo, nitaifikia. Lakini wasee, leo naandika historia ya kitu kingine, kwa sababu nisipoiandika mimi sioni nani mwingine ataiandika.

Kwenye historia iliyochapishwa mambo ni masafi. Mario Kart: Super Circuit, Mario Kart ya kwanza ya kuchezea mkononi, ilitoka Japani Julai 2001, Marekani Agosti, Ulaya Septemba. Ukitafuta tarehe ya Kiandutu hutaipata, kwa hivyo nakupa: 2008, Jumamosi, ndani ya rundo la vitoi vya mitumba pale Makongeni, katikati ya dubu asiye na jicho moja na simu ya plastiki. Ilikuwa Game Boy Advance ya zambarau, imekwaruzika kioo, kifuniko cha betri hakipo, na katriji ikiwa bado ndani. Binamu yangu, ambaye sote tulimwita Bro kwa sababu ndiye alikuwa mkubwa wetu, alikuwa na miaka 13. Aliinunua mia nne, pesa za kubebea watu mizigo stage. Muuzaji hakujua kama inawaka. Bro pia hakujua.

Iliwaka. Kifuniko tulitengeneza kwa kadibodi na mpira wa kufungia pesa.

Sasa, kwa wale hawajui Kiandutu: ni mtaa wa mabati upande wa barabara ya Garissa, hatua chache kutoka Makongeni, na jina lenyewe linatoka kwa ndutu, yaani funza kwa Kikuyu. Ni kama mtu aulizwe anakaa wapi aseme "Mahali pa Funza". Wakati huo kwetu stima ilikuwa ya sambaza, inakuja ikitaka na kuondoka bila kuaga. Kwa hivyo mashine inayotumia betri mbili ndogo ilikuwa na maana kuliko konsoli kubwa yoyote ya kuunganishwa na TV. Hapa ndipo inabidi niwapeleke Japani kidogo, mtanisamehe.

Nintendo ilianza Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata. Miaka mingi baadaye ilikuwa na fundi anaitwa Gunpei Yokoi. Hadithi yake maarufu ni kwamba siku moja kwenye treni alimwona mfanyakazi amechoka, anabonyeza kikokotoo ili muda uende. Kutoka hapo zikaja Game & Watch mwaka 1980, halafu Game Boy mwaka 1989. Imani ya Yokoi ilikuwa kwamba huhitaji teknolojia mpya kabisa. Chukua kitu kilichozoeleka, cha bei ya chini, halafu ukitumie kwa njia ambayo hakuna mtu amefikiria. Game Boy ya kwanza ilikuwa na skrini ya kijani-kijivu isiyo na taa. Washindani wake, Atari Lynx na Sega Game Gear, walikuwa na rangi na taa, lakini walikula betri sita na kuzimaliza kwa saa chache. Game Boy ilitumia nne na ikakaa. Watu wakanunua Game Boy.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilisema, manze, huyu jamaa angeishi vizuri sana Kiandutu. Kuchukua kitu kilichochakaa na kukipa kazi mpya ni kazi ya kila siku mtaani kwetu. Tunaiita jua kali, jina walilopewa mafundi waliogonga mabati nje bila kivuli, kabla serikali haijawajengea vibanda katikati ya miaka ya 1980.

Na hilo jina, jua kali, ndilo jina sahihi la jinsi tulivyocheza. Game Boy Advance ya kwanza haikuwa na taa kwenye skrini. Ndani ya keja ya mabati huoni kitu, ni kama kuangalia sufuria usiku. Watoto wa Marekani walilalamika hadi Nintendo ikatoa ile ya kukunjwa, yenye taa na betri ya kuchaji, mwaka 2003. Yetu ilikuwa ya 2001. Kwa hivyo tulicheza nje, migongo kwa ukuta, jua likipiga juu ya kioo kwa pembe fulani ambayo tuliijua kama vile unavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Saa tatu asubuhi unakaa upande wa kibanda cha maji. Saa kumi unahamia upande mwingine. Wingu likipita katikati ya mbio, umeisha. Mpaka leo nikiona wingu nafikiria kona.

Betri nazo tulianika. Mnaijua hii. Betri zikichoka unaziweka juu ya mabati saa mbili hivi, zinakupa dakika kumi zaidi, pengine kumi na tano. Wengine walizing'ata. Mimi pia niliwahi kung'ata na sishauri mtu. Jua lile lile lililotuwezesha kuona skrini ndilo liliamsha betri, na mimi nilidhani ndivyo mashine ilivyotengenezwa, kwamba Wajapani walikusudia ipate nguvu kutoka juu.

Niingie kwa gemu yenyewe. Kuna madereva wanane, na hakuna aliyetufundisha majina yao. Bowser tulimwita Kobe. Donkey Kong alikuwa Nyani. Toad alikuwa Uyoga. Wario, na zile masharubu na lile tabasamu la mtu anayekuambia chenji utapata mbele, alikuwa Konda. Mario mwenyewe tulimwita Fundi, na baadaye sana nikajua kweli ni fundi wa mabomba, nikashangaa tuliotea vipi. Barabara yenye rangi za upinde wa mvua, ambapo ukikosea kidogo unaanguka kwenye utupu, tuliiita Thika Road. Hii ni kabla ya superhighway, kumbukeni. Ujenzi ulianza 2009 na Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012. Hiyo ya zamani ilikuwa na mashimo yake na sala zake.

Kwenye Super Circuit, barabarani kuna sarafu. Ukiokota, kasi yako inapanda. Ukigongwa, zinamwagika. Hii ilikuwa sheria ya kwanza ya uchumi niliyoielewa maishani. Na kuna kitu kinanifurahisha hadi leo: neno matatu, kama wazee wanavyosimulia, linatokana na sarafu tatu za senti kumi, nauli ya zamani ya jiji. Magari yetu yalipata jina kutoka kwa sarafu. Yalikuwa ya magendo hadi 1973, Mzee Kenyatta alipotoa amri yaruhusiwe kubeba watu bila zile leseni za usafiri. Halafu Februari 2004 zikaja sheria za Michuki: mkanda, mstari wa njano, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na watu 14 tu, hakuna kusimama. Sisi watoto tulijua namba 14 kabla ya kujua hesabu ya kugawanya.

Na kwa bahati tu, sisi pia tulikuwa 14. Wachezaji kumi na wanne, konsoli moja.

Hapa ndipo naona historia rasmi inatukosea. Nintendo inasema iliuza Game Boy Advance zaidi ya milioni 81 duniani, na Super Circuit karibu milioni 6. Hizo ni hesabu za madukani. Konsoli yetu imo ndani ya hiyo milioni 81 mara moja tu, kwa jina la mtoto fulani wa Ulaya au Marekani ambaye aliichoka, mamake akaitia kwenye mfuko wa msaada. Miaka saba baadaye ilianza maisha ya pili yenye mikono 28, na kwenye vitabu haipo. Mtu akikuonyesha ramani ya "nani alicheza nini" na Kenya iko kijivu, uliza kwanza walihesabu nini. Walihesabu risiti. Mitumba haina risiti.

Mario Kart ya mkononi ilitengenezwa ikichukulia kwamba kila mtoto ana mashine yake. Mnaunganisha kwa kebo, hadi watu wanne. Walifikiria hata yule asiye na katriji: kwa katriji moja wanne wanaweza kucheza, wote wakiwa Yoshi wa rangi tofauti, kwenye barabara nne tu. Wazo zuri. Lakini hata huo ukarimu ulianza na konsoli nne. Kebo sisi hatukuiona hata kwa macho.

Kwa hivyo tulitunga gemu yetu ndani ya gemu yao. Mbio ni mizunguko mitatu. Watu watatu wanakuwa timu, kila mmoja mzunguko wake, na ukivuka mstari unampa mwenzako konsoli ikiwa inaendelea, bila kusimamisha. Kama kupokezana kijiti. Ukisimamisha ni dhambi, timu inakaa chini. Kuna ufundi wa kupeana ambao hakuna mtoto wa kebo aliwahi kuujifunza: kidole chako cha kulia kinabaki kwenye mafuta hadi kidole cha mwenzako kikae juu yake, ndipo unautoa wako kama mtu anayetoka chini ya blanketi bila kumwamsha mtu. Na ukipata gamba jekundu mwishoni mwa mzunguko wako, unalitumia au unamwachia anayefuata? Urafiki ulivunjika hapo. Kuna jamaa wawili, mmoja sasa ni baba wa watoto wawili, bado hawajamaliza hiyo kesi.

Mimi ndiye nilikuwa msichana pekee kwenye foleni. Kwa muda mrefu nilikuwa wa mwisho, yaani wa 14, na mara nyingi betri zilikufa kabla ya zamu yangu. Walisema watanipa nikae na Peach, yule wa gauni, nikitaka. Sikutaka gauni. Nilitaka Kobe, kwa sababu ni mzito na akikugusa unatoka barabarani.

Redio ya shosho ilitumia betri mbili, saizi ile ile.

Nadhani mmeelewa. Sheria ya foleni ilikuwa anayeleta betri anaanza, na wiki ile nilikuwa wa kwanza mara tatu. Shosho alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo kila jioni kwenye stesheni ya Kikuyu. Jioni ya tatu redio haikuamka, akasema imechoka kama yeye, akalala. Asubuhi akaambiwa na jirani kwamba rafiki yake wa ujana, waliyechuna kahawa pamoja, ametangazwa jana na anazikwa siku hiyo. Matanga yote yalishampita. Hakunichapa. Alijua ni mimi, na hakunichapa, alivaa kitambaa na kuondoka haraka kutafuta gari, na mazishi aliyakuta yameisha. Tulipokuwa tunasherehekea mimi na Kobe, mtu wake alikuwa anashushwa. Nimesema nitaandika historia, basi hiyo pia ni bei mojawapo ya ile konsoli, na haikuwa kwenye ile mia nne.

Nilirudisha betri. Sikucheza mwezi mzima. Halafu nikarudi, kwa sababu nilikuwa na miaka tisa.

Kuhusu Brick Game, nitapita haraka. Ile yenye maandishi "9999 in 1" juu yake, ambayo ukihesabu ni gemu chache tu zimerudiwa kwa kasi tofauti. Kubwa ni Tetris, ya Mrusi Alexey Pajitnov, 1984. Lakini ndani yake kulikuwa na mbio za magari: gari lako ni vibonge vichache vyeusi, unahama kushoto na kulia kukwepa wengine. Hiyo ndiyo gemu ya magari ambayo karibu kila mtoto wa kizazi changu aliigusa, mtaani na ushago. Kwa hivyo anayecheka Brick Game anacheka shule yake ya udereva.

Na kabla ya Brick Game kulikuwa na magari yenyewe. Boys wa mtaa walitengeneza gari za waya zenye usukani mrefu, na vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi kutoka gereji. Thika ni mji wa viwanda, chuma hakikosi. Unakaa juu, mwenzako anasukuma, mteremko unafanya kazi, breki ni kisigino chako. Niliwahi kudhani tunaiga vigari vya kina Mario. Kumbe, ukifuatilia, kigari cha kwanza cha aina hiyo kilitengenezwa California mwaka 1956 na fundi Art Ingels, ambaye kazini alitengeneza magari ya mashindano. Aliunganisha mabomba ya chuma na injini iliyokuwa imebaki bila soko, ya kukatia nyasi. Watu wakauliza, nao wakataka. Ndiyo mwanzo wa mchezo mzima ambao Nintendo iliugeuza kuwa katuni mwaka 1992 na Super Mario Kart. Jua kali, tu, yenye jina la Kiingereza. Hatukuwa tunaiga mtu. Tulikuwa kwenye njia ile ile, na beringi mkononi.

Kenya nayo ilijibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, studio ya Nairobi, Planet Rackus, ilitoa Ma3Racer kwa simu: unaendesha matatu, na kazi yako ni kutogonga watu. Fikiria hiyo tofauti. Kwenye Mario Kart ukigongwa unazunguka mara tatu, unaendelea. Aliyetengeneza gemu ya barabara akiwa Nairobi alijua barabarani kuna watu wanavuka. Ndiyo maana huwa nabisha nikisikia gemu zetu ni nakala tu za wazungu.

Sasa mambo ni simu. Mario Kart Tour ilikuja Septemba 2019, bure, tukaruka juu. Lakini haichezi bila intaneti, kwa hivyo bure yake inakula bundles. Na Mario Kart World ya 2025 ni dola 80 katriji peke yake, zaidi ya shilingi elfu kumi, kabla hujanunua konsoli. Mtaani kwetu hiyo ni kodi ya miezi kadhaa. Itafika, sina wasiwasi, mitumba ina subira. Wasiwasi wangu ni kwamba gemu za siku hizi nyingi hazina tena kitu cha kushika. Ukinunua kwa akaunti yako, ukichoka, hakuna cha kutia kwenye mfuko wa msaada, na binamu wa mtu hataikuta kati ya dubu na simu ya plastiki.

Bro aliiuza Januari 2010. Alikuwa ameitwa Form One shule ya bweni, na orodha ilikuwa na sanduku la bati, godoro, blanketi mbili. Aliipata elfu moja na mia mbili kutoka kwa jamaa wa Ruiru ambaye alitaka kumpelekea mtoto wake. Hakuna aliyelia mbele yake. Usiku wa kabla, alitupanga wote 14, kila mtu mbio moja nzima, mizunguko yote mitatu, bila kupokezana. Kwa sababu ilikuwa giza tulishika mshumaa juu ya kioo, na nta ilimwagikia pembeni ya kitufe cha kulia.

Bro alimaliza Form Four. Leo ni dereva wa 237, Nairobi–Thika, na anaendesha taratibu kuliko wote, abiria wanalalamika.

Kwenye mbio za peke yako dhidi ya saa, ile gemu huhifadhi kivuli chako. Ukicheza tena, kivuli kinakimbia mbele yako, wewe wa jana. Sisi tuliita jini. Kwenye barabara ya kwanza kabisa ya ile katriji, jini lilikuwa langu, Kobe, na hakuna boy aliyeweza kulipita hadi ile siku ilipouzwa. Kwa hivyo kama uko Ruiru, au popote ilipofika baada ya hapo, na kuna Game Boy Advance ya zambarau kwenye droo yenu, nta kidogo kando ya kitufe cha kulia, tafadhali tia betri mbili na uniandikie DM. Usifute kwanza. Niambie tu kama limeshapitwa.